Julai 25 na Majina ya Nkunga

Kwa mkulima wa Rungwe, miezi ya baridi ina siku mbili ambazo hata mtoto anazijua. Sabasaba ofisi zinafungwa. Nanenane watu wanapanda gari kwenda Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale, kutazama ng'ombe wa maziwa, mbegu za viazi na miche ya parachichi. Katikati ya siku hizo ipo ya tatu, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nayo haina mapumziko. Watoto wanakwenda shule, chai inachumwa, soko la Tukuyu linachangamka kama siku nyingine. Mtu wa kata ya Nkunga asiyefungua redio wala televisheni anaweza kuimaliza siku nzima bila kujua kwamba taifa lake limesimama kimya kwa ajili ya waliokufa vitani.

Sisemi siku hii imepuuzwa. Kitaifa huadhimishwa kwa uzito, Rais akiwepo, gwaride likipigwa, viongozi wa dini wakiomba dua na sala. Ninachosema ni kwamba maana yake imehama, na imehama zaidi ya mara moja. Kuwakumbuka askari waliokufa kulianza katika nchi hii kama jambo la dola ya kikoloni, kukawa jambo la taifa, na sasa kunaelekea kuwa ratiba ya serikali. Hakujawahi kuwa jambo la kata. Wafu wenyewe walitoka kwenye kata.

Tuanze na vita vilivyopita hapa hapa. Tukuyu ya leo iliitwa Neu Langenburg, makao makuu ya wilaya ya Wajerumani, na kule Masoko, kando ya ziwa dogo la volkano, kulikuwa na kambi ya kombania ya tano ya jeshi lao. Ni kutoka upande huu ndiko kilikoondoka kikosi kilichoishambulia Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, tarehe 9 Septemba 1914. Mwishoni mwa Mei 1916 vita vikageuka: majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na baada ya siku chache Neu Langenburg ikawa mikononi mwa Waingereza. Mgeni akifika Masoko atasimuliwa habari za sarafu na silaha ambazo Wajerumani wanasemekana kuzitupa ziwani walipokuwa wanaondoka. Habari za wapagazi hasimuliwi mpaka aulize mwenyewe, na mara nyingi hata akiuliza hapati mtu wa kumjibu.

Na wapagazi ndio waliokuwa vita vyenyewe. Reli haikufika nyanda za juu kusini. Wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo walipoingia kwenye mapori ya mbung'o. Risasi, unga, mahema, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilipanda kichwani mwa mtu. Mpagazi naye anakula. Kadiri safari ilivyorefuka ndivyo sehemu kubwa ya mzigo ilivyoliwa njiani na wabebaji wenyewe, na ndivyo walivyohitajika wabebaji wengine wa kuwabebea hao chakula. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele lilizidi kuchukua watu vijijini. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, nimonia na njaa, wakiwa mbali na kwao, na wakazikwa kando ya njia na mtu ambaye huenda hakujua hata wanatoka wapi. Makadirio yanayokubalika na wanahistoria wengi, kwa upande wa Waingereza pekee, yanakaribia wapagazi 100,000 waliokufa. Wajerumani hawakuacha hesabu ya kuaminika ya wao.

Hata tarehe ya kumbukumbu ililetwa kutoka mbali. Dola ya Kiingereza iliwakumbuka wafu wake tarehe 11 Novemba, siku ambayo bunduki zilinyamaza Ulaya mwaka 1918. Huku kwetu bunduki hazikunyamaza siku hiyo. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa bado yumo katika ardhi ya Zambia ya leo, habari za kusitisha vita zilimkuta mtoni Chambeshi siku mbili tatu baadaye, na alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Mpagazi aliyekufa tarehe 20 Novemba 1918 alikufa baada ya vita kuwa vimekwisha kwenye kalenda ya waliomtuma. Mbala si mbali na kwetu. Kama kungekuwa na siku ya kumbukumbu iliyozaliwa katika nyanda hizi, ingekuwa hiyo.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, ile ambayo kila anayefika mjini anaijua, bunduki mkononi na singe imeelekea bandarini. Ilichongwa na James Alexander Stevenson, na maneno ya kwenye msingi wake yalitungwa na Rudyard Kipling, yakaandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Kiini cha maneno hayo ni ahadi: anayepigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ni maneno mazuri. Lakini mnara ule ulioahidi jina haukuandika jina hata moja.

Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kamati yake maalumu ikikiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Zaidi ya hao, wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Humo kwenye ripoti mna kumbukumbu za miaka ya 1920 zinazomhusu gavana wa Tanganyika wa wakati ule, ambaye aliona afadhali makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na ambaye hakutaka hata kuzitafakari takwimu za Waafrika waliokufa. Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi na bado unanikera. Mzungu aliyekufa Iringa au Moshi ana jiwe lake, jina, cheo, kikosi na tarehe. Aliyembebea chakula hana hata tuta.

Vita Kuu ya Pili ilirudisha mambo yale yale kwa sura nyingine. Vijana wa Tanganyika waliingia Keya, jeshi la Waingereza, kwa maelfu, wakapigana Uhabeshi na Madagaska, kisha wakapelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria. Tarehe 12 Februari mwaka huo huo, meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu na karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ni mojawapo ya misiba mikubwa ya baharini ya vita vile. Waulize wanafunzi wa kidato cha nne, wa shule yoyote ya sekondari, kama wamewahi kuisikia.

Waliorudi Burma walirudi na medali na kumbukumbu, na ndio walioipa sherehe ya baadaye uhai wake. Hilo tunalisahau. Uhuru ulipokuja, nchi haikuwafuta wazee wale kwa sababu walipigania mfalme wa Uingereza. Iliwaweka ndani ya siku yake. Mpaka leo chama cha askari wa zamani, Tanzania Legion and Clubs, kina nafasi mbele ya mnara wa mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, na shoka, upinde na mshale huwekwa na meya na mwakilishi wa askari wa zamani. Huu ndio uamuzi wenye busara kubwa kuliko yote katika historia ya siku hii. Kwa zana hizo, aliyepigana na Wajerumani kwa mkuki mwaka 1905 na aliyepigana na Wajapani kwa bunduki mwaka 1944 wakawa wafu wa nchi moja. Dola ya kikoloni ilikuwa na wafu wa daraja la kwanza na wa daraja la mwisho. Mnara wa mashujaa wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, uliondoa madaraja.

Ila uliyaondoa bila kuandika majina. Usawa ulipatikana kwa kuwafanya wote kuwa kundi.

Halafu ikaja Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita tarehe 2 Novemba, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni vita vikawa vimekwisha. Tarehe 1 Septemba mwaka huo, siku ya kuzaliwa kwa JWTZ, taifa lilifanya sherehe za kuwaheshimu askari wake. Hapo maana ya kukumbuka ilipata mwili. Kwa mara ya kwanza watu waliokumbukwa walikuwa wamekufa kwa ajili ya nchi iliyowatuma kama raia wake, na waliowakumbuka walikuwa na umri mdogo na uchungu mbichi: wajane wa miaka ishirini na kitu, watoto wa darasa la pili. Jeshi lilikuzwa haraka kwa kuwaingiza mgambo, polisi na magereza, kwa hiyo vita viligusa vijiji ambavyo havikuwa na kambi yoyote ya jeshi. Takwimu rasmi zilizotolewa zilitaja askari 373 waliopoteza maisha, na wengi wa hao hawakufa katika mapigano bali kwa ajali na sababu nyingine za vita. Raia waliouawa Kagera walikuwa wengi zaidi, na hao hatuna mnara wao.

Mashujaa wa Kagera wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Ni mahali panapotunzwa kwa heshima, na viongozi wakuu wamekwenda huko kuweka silaha za jadi kwenye mnara. Lakini kutoka Nkunga hadi Kaboya ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara. Hapa ndipo mtu wa Rungwe anapotengana na sherehe ya taifa, na anayetaka kuelewa kwa nini Julai 25 haijashika mizizi huku lazima atazame jinsi tunavyozika.

Kwetu kaburi ni sehemu ya nyumba. Ukipita njia za Nkunga utayaona hatua chache kutoka mlangoni, kati ya migomba: ya zamani ni tuta na jiwe, ya miaka ya karibuni yamejengwa kwa saruji, mengine yamepakwa chokaa au kuwekwa vigae, msalaba na jina vikitazama njiani ili apitaye asome. Watoto wanakua wakiyaruka wanapocheza, na wanakatazwa kuyaruka. Mtu akifa Dar es Salaam anarudishwa, hata kama nauli ya gari la maiti itamaliza akiba ya ukoo. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza namna wanaume walivyokuja msibani na mikuki na kucheza ngoma ya vita kwa ajili ya marehemu. Kwa hiyo mkuki mbele ya kaburi si jambo geni kwa Mnyakyusa. Mababu zetu walilijua kabla ya itifaki ya serikali. Tofauti ni kwamba mkuki ule ulichezwa kwa ajili ya mtu mmoja, mwana wa fulani, mbele ya mama yake.

Sasa fikiria mama aliyeletewa mwaka 1979 habari kwamba mwanawe amezikwa Kaboya. Hana pa kufagia, hana pa kung'oa majani. Taifa limempa mwanawe ushujaa, na kwa desturi yake yeye bado hajamzika. Kwake Siku ya Mashujaa ingeweza kuwa ndiyo siku ya kulimaliza deni hilo, kama ingefika mlangoni pake. Haikufika. Ilibaki redioni.

Mwaka 2016 maana ya siku hii ilihama tena. Tarehe 25 Julai mwaka huo Rais John Magufuli aliongoza maadhimisho mjini Dodoma, na hapo akalieleza taifa uamuzi wa kuihamishia serikali Dodoma. Ulikuwa uamuzi mkubwa uliosubiriwa tangu miaka ya 1970, na sina ugomvi nao. Lakini muulize Mtanzania yeyote anakumbuka nini kuhusu Siku ya Mashujaa ya 2016, atakujibu habari za kuhamia Dodoma. Habari ya walio hai iliifunika habari ya wafu. Tangu hapo imekuwa kawaida kuisikiliza siku hii kwa ajili ya hotuba: Rais atatangaza nini, atamgusa nani. Mikoani na wilayani nako mara nyingi huadhimishwa kwa usafi wa mazingira na kupanda miti. Usafi ni kazi njema. Ila mtu akishika fagio asubuhi ya Julai 25 bila kuambiwa amshikie nani, hiyo ni siku ya usafi.

Wenzetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 iliigeuza Siku ya Kenyatta ya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa, ikawakaribisha wapigania uhuru pamoja na wanariadha, wasanii na wanasayansi. Imekuwa sikukuu yenye furaha na mapumziko. Binafsi nisingependa tuifuate. Askari aliyekufa anahitaji siku yake peke yake, na sisi tumeilinda. Tusiipoteze kwa ukarimu.

Na wafu wa siku hii hawajaisha. Julai 2013 walinda amani wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi walishambulia kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakaua askari wetu 14, na baadaye wakatimia 15. Aprili 2024 wengine 3 waliuawa na bomu huko huko Kongo, na mwanzoni mwa 2025 tukapoteza 2 katika mapigano ya kuzunguka Goma. Vifo hivi vimeibadilisha siku kuliko hotuba yoyote, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: miili inarudi. Waliokufa Semuliki waliagwa Dar es Salaam, kisha kila mmoja akapelekwa kwao, wengine wakivushwa kwenda Zanzibar. Askari wa namna hii akiletwa kijijini, jeneza hufunikwa bendera, wenzake hulibeba kwa mwendo wa pole, baragumu hulia, na kijiji kizima huona kwa macho kile ambacho mnara wa mji mkuu hukieleza kwa mbali. Wazazi hawaambiwi kwamba mtoto wao ni mmoja wa mashujaa. Wanaambiwa jina lake, namba yake na cheo chake.

Kwa hiyo sasa tuna hali ya ajabu: shujaa wa 2017 ana kaburi lenye jina nyumbani kwao, wa 1979 amelala Kaboya, wa 1944 yumo chini ya Bahari ya Hindi au katika daftari la Waingereza, na wa 1917 hayumo popote. Wote wanne wangeweza kuwa wa ukoo mmoja wa Nkunga. Kila mwaka serikali huwakumbuka wote wanne kwa dakika moja ya ukimya, na dakika hiyo haiwezi kuwatofautisha.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji sheria mpya wala fungu la bajeti. Kila kata iwe na daftari la mashujaa wake, na Julai 25 daftari hilo lisomwe kwa sauti, jina kwa jina, shuleni au kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Nkunga inaweza kuanza. Majina yapo. Mshauri wa mgambo wa wilaya anajua pa kuuliza habari za walioitwa 1978. Makanisa ya Moravian na KKKT yamekuwa yakiandika vitabu vya ubatizo na vifo katika wilaya hii tangu wamisionari walipofika mwaka 1891, na humo ndimo mtafiti mwenye subira anaweza kuwatafuta vijana walioondoka na hawakuandikwa tena. Koo zetu zinahifadhi nasaba vizazi na vizazi. Mzee anayeweza kukutajia nani alimwoa nani mwaka 1930 anaweza pia kukutajia nani alichukuliwa na hakurudi.

Yatazuka mabishano, na ni mazuri. Je, aliyekuwa askari wa Mjerumani aandikwe? Je, mpagazi aliyefungwa kamba shingoni akapelekwa kwa nguvu ni shujaa, au ni mhanga? Na yule aliyewabebea Wajerumani 1915, akakamatwa, akawabebea Waingereza 1917? Mimi naona waandikwe wote. Hawakuchagua bendera. Bendera ziliwapitia nyumbani kwao, na kilichobaki cha kwao kikawa ni mwili na jina. Na raia waliokufa kwa sababu ya vita, kwa njaa na kwa homa ile ya mafua iliyovifuata mwaka 1918, wapewe ukurasa wao pia. Anayehofia kwamba daftari litajaa mno, ajue kwamba daftari linaloweza kujaa ni ushahidi kwamba lilistahili kufunguliwa zamani.

Muda ndio unaonitia hofu. Aliyekuwa na miaka 18 vita vya Burma vilipomalizika leo anakaribia kutimiza 100, na wa namna hiyo wamebaki wachache mno. Aliyekwenda Kagera akiwa na miaka 20 sasa amepita 65. Huyo bado analima, bado anakunywa chai kibarazani, bado anakumbuka nani alikuwa kushoto kwake kwenye mapigano ya Lukaya, Uganda. Kazi hii ianze kwake, naye aulizwe na wajukuu wa shule ya kata wakiwa na kalamu, kabla ya Julai ijayo. Aulizwe majina ya wenzake wa Rungwe, kijiji cha kila mmoja na jina la baba yake. Kisha waende kanisani kwenye vitabu vya zamani, na kwa wazee wa koo. Wapagazi watakaokosekana majina waandikwe kwa kijiji na kwa ukoo: mtu wa ukoo fulani, alichukuliwa mwaka fulani, hakurudi. Nao wasomwe wa kwanza.